Jibu: Methani inatoka saa ya kwanza kisha inakauka

Mkuu, umeuliza kwa nini unga wako wa titani dioksidi, kichocheo cha kugeuza kaboni dioksidi na maji kuwa methani kwa mwanga, unatoa methani vizuri saa ya kwanza chini ya taa, kisha methani inashuka karibu sifuri. Kabla ya kulaumu kichocheo, shuku uchafu. Mabaki ya viyeyusho na mafuta ya vidole yaliyogandia unga yana kaboni pia, na yakipigwa mwanga hutoa methani vilevile.

Rudia jaribio kwa argoni (gesi isiyo na kaboni) badala ya kaboni dioksidi: unga uleule, maji yaleyale, taa ileile. Methani ikitoka tena, umejijibu: inatoka kwenye uchafu. Choma unga kwenye hewa kwa nyuzi 400 hivi, saa mbili (usipandishe sana, anatasi, umbo la fuwele la unga wako, itageuka rutili, umbo jingine), kisha uumulike ndani ya argoni yenye unyevu mpaka kromatografu (kifaa cha kutenganisha na kupima gesi) isionyeshe methani.

Kinachomaliza ubishi ni kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida. Ukitumia ¹³CO₂, methani iliyotokana nayo itasoma 17 kwenye spektrometa ya masi (kifaa cha kupima uzito wa molekuli) badala ya 16. Ila angalia: kipande cha OH kutoka kwenye maji nacho husoma 17, kwa hiyo tenganisha kwanza kwenye kromatografu, la sivyo utashangilia mvuke.

Pima oksijeni pia. Kila molekuli ya methani hula elektroni 8, na zikitoka kwenye maji, maji yanapaswa kutoa molekuli 2 za oksijeni. Isipoonekana kabisa, huenda elektroni zinatoka kwenye huo uchafu.

Ukifikiria kutumia jua badala ya taa, usitarajie mengi: anatasi hunyonya mwanga ulio chini ya nanomita 390 tu, kama asilimia 4 au 5 ya nishati ya jua.