Tukiuliza watu 40, inatosha?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Morogoro, grupu letu tumepewa projekti ya takwimu, tuonyeshe kwamba namna unavyouliza swali inaweza kubadilisha jibu. Tumechagua mambo ya simu darasani. Plani yetu ni hivi, sisi wasichana tuulize hosteli kwetu "chuo kipige marufuku simu darasani?", alafu wavulana waende kantini waulize "chuo kisiruhusu simu darasani?", watu 20 huku na 20 kule. Mwenzetu mmoja anang'ang'ania tuweke na mfano wa lile jarida la Marekani lililokosea uchaguzi wa 1936. Tuko sawa kweli?

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na hapo hapo ushaona tatizo la majibu lilivyo, manake hata ningekuwa naumwa ningekujibu "nzuri" kwanza, ndo mengine yafuate.

Wazo lenu ni zuri na lina historia. Mwaka 1941 Mmarekani mmoja, Donald Rugg, alichapisha matokeo ya swali la namna hiyo. Kundi moja liliulizwa kama Marekani iruhusu hotuba za hadharani za kupinga demokrasia, asilimia 62 wakasema isiruhusu. Kundi lingine likaulizwa kama izipige marufuku, waliosema ndiyo wakawa 46 tu. Ukifikiria ni kitu kilekile, ila watu wanasita kukataza. Kwa Kiswahili nahisi itakuwa zaidi, maana sisi marufuku tunaipiga kabisa.

Shida ni hiyo plani yenu. Wasichana, hosteli, muulizaji msichana, upande mmoja. Wavulana, kantini, muulizaji mvulana, upande mwingine. Sasa tofauti ikitokea nyie mtasema ni neno, mimi nitasema ni jinsia, mwingine atasema wale wa kantini walikuwa na njaa wakajibu chapchap waondoke, na wote hamna wa kutubishia. Kitu kinachotofautiana kiwe kimoja tu, yaani lile neno. Printini fomu A na fomu B, karatasi moja, saizi moja, idadi sawa, zichanganyeni kama karata mpaka hakuna anayejua ipi iko wapi, alafu kila mnayemkuta anapewa ya juu, awe wa hosteli au wa kantini. Msianze kuchagua "huyu anafaa A". Ajaze mwenyewe, asiandike jina, aikunje na kuitumbukiza kwenye boksi, mkimsimamia kichwani atajibu anachodhani mnataka. Wakishamaliza wote ndo muwaambie mlikuwa mnapima nini, mkiwaambia kabla mmeharibu.

Kuna kitu kingine sijui kama mmekiona. Kwa Kiswahili mtu akiulizwa "hujala?" akajibu "ndiyo", anamaanisha hajala. Sasa "chuo kisiruhusu simu?", mtu kaandika "ndiyo", huyo kakubali nini? Mmoja atamaanisha ndiyo kisiruhusu, mwingine ndiyo simu ziwepo, na fomu nzima imekufa. Kwahiyo msiweke ndiyo na hapana, fomu A iwe na visanduku "kipige marufuku" na "kisipige marufuku", fomu B "kiruhusu" na "kisiruhusu". Kwenye kuhesabu, "kipige marufuku" ya A mnailinganisha na "kisiruhusu" ya B. Wajaribisheni watu watano kwanza muone kama wanaelewa, hao msiwahesabu.

Watu 40 ni wachache mno. Kwa 20 kila upande mtahitaji tofauti ya kama asilimia 30 ndo muweze kusema siyo bahati tu, na ya Rugg yenyewe ilikuwa 16. Mkifika 100 kila upande, tofauti ya 14 hivi inatosha kuanza kuongea. Mko grupu, gawaneni fomu, kazi ya siku mbili hiyo.

Huyo mwenzenu mwambieni mfano wake ni mzuri ila wa projekti nyingine. Literary Digest, ndo hilo jarida lenyewe, walituma karatasi za kura ya maoni kama milioni 10, zikarudi milioni 2 na ushee, wakatabiri mgombea urais Landon atashinda na Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Pale tatizo kubwa lilikuwa ni nani aliyefikiwa na nani aliyejisumbua kurudisha, siyo maneno ya swali. Mkiuweka msimamizi wenu atawauliza unahusiana nini na simu na mtakosa la kujibu.