Usitie sahihi vocha ya bima kabla hakimu hajaruhusu

Mtoto akigongwa na matatu kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, mtu wa bima hakawii kupiga simu: njooni ofisini, mtie sahihi vocha (karatasi ya kukubali kuwa mmelipwa na hamdai tena), mwondoke na hundi. Karo inadaiwa, dawa zinadaiwa, na mzazi anashika kalamu.

Sahihi hiyo haimfungi mtoto. Agizo la 32 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za Kenya, 2010, linasema anayemsimamia mtoto kwenye kesi hawezi kukubali maelewano bila ruhusa ya mahakama, na ruhusa hiyo iandikwe waziwazi kwenye rekodi. Kanuni ya 15 ya Agizo hilo inampa ulinzi huohuo mtu mzima ambaye akili yake haimwezeshi kutetea maslahi yake, mathalan mwendesha boda aliyepasuka kichwa na sasa hajui leo ni siku gani. Ila kwa huyu mahakama huchunguza kwanza, kwa hiyo ripoti ya daktari inayozungumzia mifupa peke yake haitoshi. Iseme kama anaweza kuelewa na kuamua mambo yake.

Basi kesi ifunguliwe, hata kama mmeshaelewana. Hakimu apelekewe abstrakti ya polisi (muhtasari wa ajali), P3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha), karatasi za hospitali, risiti, cheti cha kuzaliwa, na kiapo cha msimamizi kinachoeleza kwa nini kiasi hicho kinafaa.

Hesabu ndiyo huwaponza wengi. Tuseme mmekubaliana 800,000, lawama asilimia 80 kwa upande wa gari na 20 kwa mtoto. Mtoto anabaki na 640,000. Kama ndani ya mguu kuna chuma cha kutolewa baadaye na ripoti haikutaja gharama yake, itatoka kwenye hizo hizo 640,000. Na jeraha zito la kichwa lina ukuta mwingine: bima ya lazima ya gari humlipa mtu mmoja hadi shilingi milioni 3, kinachozidi hapo mnamdai mwenye gari.

Ukipewa nakala ya amri, isome neno kwa neno. Ikisema tu “kesi imemalizwa kwa maelewano”, mwambie wakili arudi kortini. Lazima ionekane kuwa mahakama imeruhusu maelewano hayo kwa niaba ya mtoto.

Kupokea pesa pia kunahitaji ruhusa, chini ya kanuni ya 6 ya Agizo hilo hilo la 32. Ombeni yote siku moja: kiasi fulani cha matibabu, kilichobaki kiwekwe kwenye akaunti ya muda maalumu mpaka afike miaka 18. Ada ya wakili itajwe hapo hapo, mbele ya hakimu. (Wakili anayenung'unikia hilo, muulize kwa nini.)

Msisukumwe na haraka. Ila muda wa kushtaki ni miaka 3, msiuache upite, na mashahidi huhama na dereva hupotea.

Kabla amri haijapigwa muhuri, linganisha majina. Cheti kikisema Achieng na amri ikasema Acheng, benki itakurudisha kortini kwa herufi moja.