Maswali yenu ya terminali: rm, spesi na folda "tupu"

Nimefuta faili kwa rm, ile amri ya kufuta, nikiangalia kwenye takataka halimo. Limeenda wapi?

Pole sana. rm haipitii takataka, ile ni ya wanaobofya kwa mausi, huku kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, ukishapiga enta ndo basi. Kinachoondoka kwanza ni jina, data zenyewe mara nyingi zinabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo kama huna bakapu acha kuitumia hiyo diski saa hii hii. Mimi mwenyewe yalishanikuta, nilitaka kufuta mafaili ya log (kumbukumbu za programu, majina yanaishia .log) nikaandika rm * .log, sasa hiyo spesi moja hapo katikati ndo iliniponza manake ikasoma nyota peke yake, yaani futa kila faili humu, halafu bila hata aibu ikanilalamikia eti .log haipo! Toka siku hiyo naanza na ls *.log, ls inaorodhesha tu bila kufuta, nikiona orodha ndo yenyewe napiga kishale cha juu kurudisha amri ileile, nafuta ls naweka rm.

Folda yangu inaitwa picha za zamani, cd, amri ya kuingia kwenye folda, inakataa kuingia. Kwa nini?

Spesi tena hao. Inadhani umeipa majina matatu. Andika cd "picha za zamani", au andika cd pic ubonyeze Tab imalizie yenyewe, mi ndo nafanyaga hivyo, uvivu tu.

Hivi mv inahamisha au inabadili jina?

Yote mawili, na ndani ya diski moja ni kitu kilekile, inabadilisha tu jina linakaa wapi, ndo maana faili la GB 10 linahama fasta hivyo. Ukilipeleka kwenye fleshi hapo inakopi kwanza ndo inafuta la zamani, kwa hiyo tulia usichomoe. Ila kama unakopeleka kuna faili lenye jina hilohilo inalifunika kimya kimya, weka mv -i ikuulize kwanza.

ls inaonesha folda iko tupu ila du -sh, ya kupima ukubwa, inasema 3.0G, nani muongo?

Hakuna muongo hapo. Jina likianza na nukta ls inaliruka, piga ls -a utayaona yote. Ila usikimbilie kufuta, mengi ni mipangilio ya programu unazotumia kila siku, na rm nishakwambia tabia yake.