Sigara na kubeti, nianze na kipi?

SWALI: Habari daktari, mi navuta sigara miaka mingi na siku hizi nabeti kwenye simu, nikijaribu kuacha fegi nakuwa mkali kwa kila mtu halafu ndo nabeti zaidi. Msaada naupata wapi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na huo ukali sio tabia yako mbaya, ni mwili unadai nikotini. Siku chache za mwanzo ndo ngumu zaidi, halafu inapungua taratibu ndani ya wiki 2 mpaka 4, kwa hiyo usiende mikono mitupu. Nenda kituo cha afya uulizie plasta za nikotini za kubandika kwenye ngozi au chingamu ya nikotini, kuna na vidonge kama varenicline na bupropion ila hivyo lazima daktari akupime kwanza, bupropion kwa mfano haifai mtu mwenye kifafa. Dawa ukiichanganya na ushauri nasaha inafanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake.

Uraibu wa kubeti nao ni ugonjwa unaotambulika, Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, so usione aibu kumwambia daktari siku hiyohiyo. Mwombe akupeleke kwa mwanasaikolojia. Vyote viwili vinatibika pamoja, hamna haja ya kusubiri kimoja kiishe. Na leo hii omba akaunti yako ya kubeti ifungwe, hela mwachie mtu unayemwamini akushikie.