Kasri laweza kuzaa mji?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kisauni, kazi yangu kutembeza wageni Fort Jesus na Mji wa Kale. Juzi mama mmoja Mfaransa aliniambia kwao ni Chantilly, mji mdogo kaskazini mwa Paris, na kwamba mji huo usingekuwapo lau si kasri la wanawafalme. Niliitikia tu, lakini sikuridhika. Kasri lawezaje kuzaa mji? Na wakubwa hao walipoondoka, watu walikula nini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mama huyo hakukudanganya. Kasri lilikuwa la ukoo wa Condé, jamaa za wafalme wa Ufaransa, na kwa muda mrefu ubavuni mwake hapakuwa na mji wa kutajika. Mambo yaligeuka kwa Louis-Henri, mwanamfalme wa saba wa Condé. Alitajirika kwa hisa za kampuni ya biashara ya ng'ambo, zile zile zilizofilisi watu chungu nzima mwaka 1720, na fedha nyingi akazimwaga kwa farasi. Msanifu Jean Aubert alimjengea zizi la mawe lenye urefu wa mita 186, la farasi 240 na mamia ya mbwa wa kuwindia. Ukiliona pichani utadhani ndilo kasri lenyewe.

Sasa piga hesabu. Farasi 240 wanataka wa kuwalisha, wa kuwapiga nali, wa kuwashonea matandiko, na hao wote wana wake na watoto wa kulaza mahali. Nyumba zikapangwa kando ya barabara iendayo kasrini. Mnamo 1730 pakaanza pia kiwanda cha kaure chini ya himaya ya mwanamfalme huyo, kikiiga vyombo vya Kijapani alivyovipenda. Wanawake nao walifuma lesi ya hariri nyeusi, ikauzwa mbali kwa jina la Chantilly.

Swali lako la pili ndilo lililonivuta. Mapinduzi ya 1789 yalipozuka, mwanamfalme wa wakati huo alikimbia nchi, na jumba kuu likabomolewa. Zizi likasalimika. Mwaka 1834 uwanja wa nyasi ulio mbele yake ulifanyiwa mashindano ya farasi kwa mara ya kwanza. Wakaja wafunzi na wapanda farasi kutoka Uingereza, wakahamia na familia zao, wakajenga hata kanisa lao. Mashindano makubwa mawili yaliyoanza 1836 na 1843 bado hukimbiwa huko kila Juni. Mji ulipoteza bwana, haukupoteza kazi.

Kasri unaloliona leo ni la Duke wa Aumale, mtoto wa mfalme Louis-Philippe, aliyerithi mali hiyo mwaka 1830 akiwa na miaka minane. Alilijenga upya kati ya 1875 na 1885, akalijaza michoro na vitabu vya kale. Watoto wake wote walimtangulia kufa. Mwaka 1886, serikali ikiwa imemfukuza nchini, alitoa vyote, kasri, msitu na zizi, kwa Institut de France, taasisi ya wanazuoni. Sisi hapa Mombasa tungeita wakfu, na masharti yake ni makali: hakuna picha ya kuazimwa nje, wala ya kuhamishwa ukutani pake. Makumbusho yalifunguliwa 1898, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mimi namheshimu mno kwa uamuzi ule, kwani mali ya namna hii ikigawiwa warithi huisha vipande vipande. Nyumba ngapi za Mji wa Kale tumezipoteza hivyo?

Wakfu nao hutaka matunzo. Kuanzia 2005 marehemu Aga Khan wa Nne, ambaye jina lake tunalijua hapa kwa hospitali na shule, aliongoza mfuko wa kulikarabati kasri na viunga vyake. Mwenyewe alikuwa na farasi wa mashindano karibu na hapo, Gouvieux. Mgeni mwingine wa Chantilly akikujia, muulize habari za farasi kwanza, kasri baadaye. Utaona atakavyochangamka.