Kuacha rangi moja tu: kisutu chekundu ndani ya picha ya kijivu

Bibi harusi aliyevaa kisutu mbele ya ukuta mweupe wa Mji Mkongwe anaufaa mtindo huu: nyekundu iko mahali pamoja, na ndipo unapotaka watu watazame. Picha ya sokoni, nyanya huku, kofia kule, achana nayo.

Tunatumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa kuwa ni ya bure. Kabla ya yote, rekebisha mizani ya weupe (white balance), ili nyeupe ionekane nyeupe kweli. Kisutu kina nyekundu, nyeusi na nyeupe; kikipigwa kivulini, ile nyeupe hushika ubuluu wa anga. Kwenye picha ya rangi huuoni, ila ukizungukwa na kijivu unajitokeza kama doa.

Nakili leya, yaani tabaka la picha, kwa Shift+Ctrl+D. Leya ya juu iondolee rangi: menyu ya Colors, kisha Desaturate, halafu Luminance. Iongezee maski nyeupe, yaani kifuniko kinachoamua sehemu gani ya leya ionekane (nyeupe huonyesha, nyeusi huficha), upake rangi nyeusi juu ya kisutu. Kila unapopaka, leya ya chini inachungulia na rangi zake. Ukivuka pindo, bonyeza X ubadili iwe nyeupe, upake tena. Kifutio kisitumike, maana hakina njia hiyo ya kurudi. Na ukiona weusi unatapakaa kwenye picha yenyewe, umechagua leya badala ya maski. Tendua, kisha bofya kijipicha cha maski.

Kuna wanaochagua nyekundu yote kwa mpigo mmoja. Inashika midomo na nusu ya uso, kwa sababu ngozi zetu zote zina wekundu ndani yake. Paka kwa mkono tu. Hina nayo ibaki kijivu, isije ikagombana na nguo.

Pindoni ndipo penye kazi. Kuza hadi 200%. Ugumu wa brashi uwe 75 hivi kwenye kitambaa, 30 kinapokutana na nywele. Utaona wekundu umevuja pikseli moja au mbili nje ya nguo: JPEG nyingi huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga. Basi ishia ndani kidogo ya pindo.

Hifadhi XCF kwanza, ndiyo inayotunza leya na maski, kisha toa JPEG ya ubora wa 90. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti. Ikienda kama picha ya kawaida inabanwa, na wekundu unavuja upya.