Nissan imepatwa na nini? Mjomba Gia anajibu

SWALI: Shikamoo Mjomba Gia. Mzee wangu alikuwa na Datsun 120Y miaka hiyo, mpaka leo akiizungumzia utadhani anamzungumzia mke mkubwa. Sasa mi nataka kuagiza X-Trail kutoka Japani ila kijiweni wananicheka, eti Nissan ishakufa, inafukuza watu na imeuza mpaka nyumba. Hivi ni kweli? Na kampuni kubwa vile inafikaje huko? Baba Nasra, Tanga.

JIBU: Marahaba Baba Nasra. Kufa haijafa ila hali ni mbaya, hao wa kijiweni leo tuwape haki yao. Mwaka wa fedha ulioisha Machi 2025 Nissan ilipata hasara ya yen bilioni 670 hivi, ikatangaza kupunguza wafanyakazi 20,000 duniani na viwanda vyake 17 vibaki 10. Hadi Oppama, kiwanda kilichofunguliwa 1961, kimeshapangiwa kuacha kuunda magari. Na nyumba wameuza kweli bana, makao makuu ya Yokohama yalienda Novemba 2025 kwa yen bilioni 97 na wenyewe wamebaki humo humo kama wapangaji.

Ila ukitaka kujua ugonjwa ulianzia wapi anzia kwenye hiyo 120Y ya mzee. Jina Datsun, ambalo Nissan ilikuwa inauzia magari yake, lilikuwa limeshajitengenezea heshima, tena huku kwetu heshima ile haikuletwa na matangazo ya gazetini, ililetwa na Safari Rally. Datsun ilishinda 1970, 1971 na 1973, halafu Shekhar Mehta, yule mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, akaja kushinda miaka minne mfululizo 1979 mpaka 1982, ukijumlisha na ule wa 1973 jumla mara tano. Watu walisimama barabarani wakaiona gari inatoka kwenye tope hadi madirishani na inaendelea na safari, sasa mtu kama huyo utamwambia nini tena kuhusu ubora, kesho yake anaanza kudunduliza hela.

Basi 1981 wakubwa Japani wakaamua jina Datsun lifutwe dunia nzima, kila kitu kiitwe Nissan. Walichukua miaka kama mitano hivi kubadilisha mabango yote. Mtu kalala na Datsun kaamka na Nissan, na mafundi wengi wala hawakujisumbua, waliendelea kuita Datsun tu. Mi huwa naona hapo ndo walipojikata mguu wenyewe, maana jina lililojengwa na tope la Afrika Mashariki na barabara za Marekani huwezi kulihamisha kama fanicha. Kenya walau jina jipya lilibahatika, matatu ya watu 14 ikaitwa nissan na wapo watu wazima mpaka leo wanaiita hivyo hata kama imeandikwa Hiace mgongoni.

Kufika 1999 deni lilikuwa kubwa mno, Renault ya Ufaransa ikaingiza hela ikachukua zaidi ya theluthi ya hisa na ikamleta meneja wake Carlos Ghosn. Huyu alikata, akafunga viwanda vitano na kuondoa ajira 21,000, na faida ikarudi haraka Wajapani wakamwona mkombozi. Ukiangalia namba hizo na hizi za juzi ni mgonjwa yule yule kapewa dawa ile ile baada ya miaka 25.

Shida ikaja kwenye tamaa ya wingi. 2011 wakatoa mpango wakauita Power 88, wanataka asilimia 8 ya soko la dunia na faida ya asilimia 8 kwa pamoja. Ili kuzikimbiza hizo 8 mbili Marekani wakawa wanashusha bei kwa mapunguzo na kumwaga magari kwa kampuni za kukodisha, yaani mtu anakutana na Nissan kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege, gari ya kukodi, ya bei ya chini kabisa, anaitumia siku tatu anairudisha, na kichwani mwake Nissan inakaa hapo hapo kwenye bei ya chini. Ukishamzoesha mteja bei ya kutupa, siku ukirudisha ya zamani anakuona mwizi. Huku magari yenyewe yanazeeka shoorumu, pikapu yao ya Frontier waliiuza Marekani umbo lile lile kuanzia 2005 hadi 2021, mtoto kazaliwa kaanza kunyoa ndevu gari haijabadilika! Juu yake giaboksi za CVT, yaani otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za hatua, zikawapeleka mahakamani mara kadhaa huko Marekani wakaishia kuongeza muda wa waranti.

Na kinachoniuma zaidi ni Leaf. Desemba 2010 walianza kuuza gari la umeme la watu wa kawaida wakati wengi wanacheka, walikuwa mbele kabisa, halafu wakalala. Betri ya Leaf haikuwekewa mfumo wa kuipoza kwa maji, kwenye joto kali inachoka mapema, Tesla wakapita na baadaye Wachina wakapita kwa mwendo wa basi la usiku.

Ghosn alikamatwa Tokyo Novemba 2018 kwa tuhuma za kuficha mapato na mengine, yeye anakana yote, na mwisho wa 2019 akatoroshwa ndani ya boksi la vyombo vya muziki mpaka Lebanon. Watu wanapenda hii stori kwa sababu ni tamu lakini jina lilishauzwa rahisi kabla hajafungwa pingu. Mwaka wa fedha 2017 waliuza magari zaidi ya milioni 5.7, 2024 ikawa milioni 3.3 na kidogo. Walijaribu kuungana na Honda Desemba 2024, Honda akasema basi njooni mkae chini yangu, Nissan ikakataa, Februari 2025 ndoa imevunjika kabla ya mahari.

Halafu mwambie mzee Datsun waliifufua 2014 kwa ajili ya India, Indonesia, Urusi na Afrika Kusini. Sasa si ungetegemea wafufue ile ya rali? Wakaleta kigari cha bei ya chini kabisa, Datsun Go, kikapimwa na Global NCAP, wale wanaogongesha magari kupima usalama, mwaka huo huo kikapata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. 2022 wakazika tena. Au bora usimwambie mzee kabisa.

SWALI: Sasa X-Trail ninunue nisinunue? (Huyo huyo Baba Nasra, kaongeza chini kwa wino mwekundu.)

JIBU: Nunua ila kwa macho. Spea hazitapotea kesho, magari yalivyojaa mjini maduka hayawezi kuziacha. Kama ni ya CVT usinunue bila kuiendesha ikiwa ya baridi halafu tena ikishapata moto, sikiliza kama inatetemeka ukianza kuondoka au injini inapiga kelele na gari haivuti. Na oili yake ni ya CVT, X-Trail ya T31 (toleo la pili) inataka NS-2 na T32 (toleo la tatu) inataka NS-3. Fundi akikuambia ATF, oili ya giaboksi otomatiki za kawaida, inafaa tu, mshukuru, chukua funguo zako ondoka taratibu.

SWALI: Mjomba salam aleikum, mbona siku hizi hatuoni malori mapya ya Nissan Diesel? Msomaji, Changamwe Mombasa.

JIBU: Waalaikum salaam. Nissan walishajitoa kwenye malori hayo kitambo, Volvo wa Sweden akainunua Nissan Diesel 2007, jina likabadilishwa likawa UD Trucks 2010, na 2021 ikauzwa tena kwa Isuzu. Kwa hiyo unayaona sana ila huyatambui, tazama usoni yameandikwa UD. Ukienda dukani kutafuta spea taja UD na namba ya injini.